Timu ya Shule Imefungwa kwa Penalti: Shabiki, Kazi Yako Ndiyo Inaanza

Tangu Jumamosi jioni simu haijapumzika. Mmoja anataka kocha afutwe. Mwingine anaapa kuwa refa alihongwa. Wa tatu ametuma video ya sekunde kumi na moja, ile penalti ya tano ikigonga mwamba na kurudi uwanjani, na chini yake ameandika jina la kijana kwa herufi kubwa. Kisha Jumapili usiku ukaingia ujumbe wa dada yake kijana huyo: "Hajala tangu jana. Njumu zake amezirusha juu ya paa la jiko, anasema zioze huko huko. Nimwambie nini?"

Dada, jibu lako linakuja. Lakini na hao watatu wana haki ya kujibiwa, maana wote wanne mnalia msiba mmoja.

Tumetolewa nusu fainali ya kaunti. Tuliongoza bao moja hadi dakika za nyongeza, wakasawazisha kwa kona, kisha penalti wakatushinda tano kwa nne. Inauma hivi kwa sababu michezo ya shule haina marudiano. Kwenye ligi ukipoteza leo, unajipanga wiki ijayo. Shule ni ngazi: zoni, kaunti ndogo, kaunti, eneo, taifa, halafu Afrika Mashariki, na ukiteleza hatua moja umerudi chini kabisa hadi mwaka ujao. Na vijana wa kidato cha nne hawana mwaka ujao. Ile ndiyo ilikuwa mechi yao ya mwisho wakiwa ndani ya jezi ya shule, kinachowangoja sasa ni mtihani wa mwisho, KCSE. Huku Magharibi mwa Kenya, ambako mtu huuliza ulisoma wapi kabla ya kuuliza wewe ni wa ukoo gani, ambako timu za shule kama Green Commandos wa Kakamega na Scorpions wa Musingu hutajwa hata na akina mama ambao hawajawahi kukanyaga uwanjani, kushindwa kwa timu ya shule ni habari ya kijiji kizima. Ngoma za isukuti zilizotangulia na basi asubuhi zilirudi jioni zimefunikwa gunia.

Kwa hiyo asije mtu akatuambia huu ni mchezo tu. Tunaumia kwa sababu tunapenda. Ila shabiki ana kazi, na kazi hiyo haingoji uchungu uishe.

Usiku wa kwanza

Ianze kwenye simu. Ile video iondolewe leo. Aliyeituma anaweza kuifuta kwa wote ndani ya siku mbili hivi. Msimamizi wa kundi la WhatsApp naye ana uwezo wa kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote: bonyeza ujumbe, ushikilie, chagua kufuta, kisha ufute kwa wote. Wasimamizi, msiulize kundi lipige kura. Futeni. Mpigaji ni mtoto wa miaka 16. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imeweka wazi kwamba taarifa za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi, na wenye kurasa za mashabiki mnaochapisha picha na majina ya wachezaji kila wiki mngefaa kuwa na idhini hiyo tangu mwanzo wa msimu, wakishinda na wakishindwa.

Mwenye hasira aandike, lakini aandike kwenye daftari. Uchungu wa usiku wa kwanza huona mtu mmoja tu, yule wa mwisho kugusa mpira. Ukisoma ulichoandika Jumatano utakuta umesahau dakika themanini na kitu zilizotangulia.

Wachezaji wenyewe usiku huo wanahitaji maji, chakula, kuoga na kulala. Mkutano wa timu usifanyike ndani ya basi, wala mwanafunzi wa zamani mwenye gari kubwa asiwasimamishe langoni kuwahutubia. Kocha awakutanishe siku ya tatu au ya nne, nusu saa inatosha. Na kwenye gwaride la Jumatatu, mwalimu wa zamu aiite timu nzima mbele pamoja na wa benchi, ipigiwe makofi, irudi kwenye mistari. Kumtoa kijana mmoja ili "afarijiwe" mbele ya wanafunzi elfu moja ni kumtia jeraha la pili.

Sasa dada. Usimwambie "usijali." Anajali, na neno hilo litamfunza kukuficha. Usimwambie pia kwamba mechi isingefika penalti kama beki fulani angekaba; hiyo ni kumhamishia rafiki yake mzigo. Mwambie jambo moja la kweli ambalo kila mtu aliliona: kocha alipouliza nani atapiga, wakubwa wake wawili waliinamisha vichwa, yeye wa kidato cha tatu akanyoosha mkono. Liseme mara moja, unyamaze. Chakula usimsukumie sahani iliyojaa. Mpe uji mzito kwenye kikombe umwachie karibu, ataunywa ukiwa umetoka.

Na njumu zitoe paani kabla mvua ya jioni haijanyesha. Usimuulize. Kwaruza tope na kijiti katikati ya meno, pangusa na kitambaa kibichi, sokomeza magazeti ndani ili zisipoteze umbo, zikaukie kivulini. Usizianike jua kali wala kuziweka karibu na jiko, gundi ya soli itaachia na utakuwa umempa sababu ya kweli ya kutozivaa tena. Zikikauka zisukume chini ya kitanda, usiseme neno.

Siku tatu, nne za kimya si kitu cha kutisha. Kinachotakiwa kukushtua ni kukosa usingizi au hamu ya kula kwa zaidi ya wiki mbili, kukataa kwenda darasani, au maneno ya kwamba heri asingekuwepo. Hayo ya mwisho usiyangojee hata siku moja: mtafute mwalimu wa ushauri nasaha au nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake.

Ukimwona ameanza kuzungumza, mweleze habari za Asamoah Gyan. Julai 2, 2010, Johannesburg, robo fainali ya Kombe la Dunia, Ghana dhidi ya Uruguay, penalti ya dakika ya mwisho kabisa ya muda wa ziada. Angefunga, Ghana ingekuwa nchi ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali. Akagonga mwamba, kama yeye. Kinachosahaulika ni kilichofuata: dakika chache baadaye zikaja penalti za kuamua mshindi, na mpigaji wa kwanza wa Ghana alikuwa Gyan huyo huyo. Alifunga. Ghana ilitolewa hata hivyo, lakini yeye alirudi kwenye alama nchi nzima ikimtazama.

Refa, kocha, na sarafu

Lalamiko lililorudiwa kuliko yote: kipa wao aliondoka kwenye mstari kabla mpira haujapigwa, kwa hiyo penalti ilipaswa kurudiwa. Tazameni tena, kisha msome sheria. Tangu 2019 kipa anatakiwa kuwa na angalau sehemu ya mguu mmoja kwenye mstari, au sambamba nao, mpira unapopigwa. Baadaye ikaongezwa kwamba mguu huo waweza pia kuwa nyuma ya mstari. Mguu wa pili ni ruhusa kuwa mbele. Sasa hapa ndipo mashabiki wengi hupotelea: hata kipa akikosea, mpira ukitoka nje au ukigonga mwamba bila yeye kuugusa, penalti hairudiwi, isipokuwa kosa lake liwe limemvuruga mpigaji waziwazi. Ingerudiwa kama angeupangua. Hakuugusa. Refa alikuwa sawa, na neno "hongo" mnaloandika bila ushahidi ndilo litakalofanya refa yule asikubali kuchezesha mechi zetu tena.

Rufaa ni jambo la karatasi, si la kelele. Kuna zinazosikilizwa, hasa za umri na uhamisho wa mchezaji, na huwasilishwa kwa maandishi na mwalimu msimamizi wa timu, ndani ya muda uliowekwa, pamoja na ada na ushahidi. Uamuzi wa refa kuhusu tukio la uwanjani hauko katika orodha hiyo. Shabiki mwenye nakala ya cheti ampe mwalimu. Asiye nacho atulie. Na mashabiki wakivamia uwanja, wanaoadhibiwa ni wachezaji, hilo sihitaji kulirefusha.

Lalamiko la pili: kwa nini namba kumi alitolewa, naye ndiye mpigaji penalti wetu? Ni kweli kwamba ni walio uwanjani filimbi ya mwisho inapolia tu ndio wanaoruhusiwa kupiga. Lakini kijana yule alikuwa amekakamaa misuli ya ndama za miguu yote miwili, katika mechi ya nne ndani ya siku tano. Angebaki, tungecheza kumi. Kumtoa kulikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kwamba hakukuwa na orodha ya pili. Kuanzia dakika ya 75, kila kocha wa mashindano ya mtoano anatakiwa kuwa na karatasi mfukoni yenye majina manane ya wapigaji kwa mpangilio, akifuta jina kila anapofanya badiliko. Sheria haimlazimishi kumpa refa orodha hiyo wala kuifuata neno kwa neno, ni ya kumsaidia yeye mwenyewe asianze kuomba watu wajitolee wakiwa wameketi kwenye nyasi, mmoja anafungua kamba za viatu, mwingine anatazama mbali. Tuliyaona hayo Jumamosi, na yalituuma kabla hata ya mkwaju wa kwanza.

Sarafu nayo: hurushwa mara mbili. Ya kwanza huamua lango litakalotumika, ya pili humpa mshindi haki ya kuchagua kupiga kwanza au wa pili. Nahodha wetu alishinda ya pili akachagua kupiga wa pili. Wapigaji wa pili hujikuta mara nyingi wakipiga ili kujiokoa badala ya kushinda, na ndivyo ilivyomkuta mpigaji wetu wa tano: wao tano, sisi nne, ukikosa tumekwenda. Nahodha aambiwe mapema, kabla ya msimu, na kocha: ukishinda sarafu, piga kwanza. Akiachiwa aamue peke yake katikati ya kelele, si haki kumlaumu.

Ile kona

Mechi yetu ilikufa kwenye kona, na hapa kocha hawezi kukwepa. Mpira ukiwa tayari umewekwa kwenye pembe, sisi tukafanya badiliko, beki kwa beki. Usibadilishe mchezaji wa ulinzi wakati mnakaribia kupigiwa kona. Anayeingia hajui anamkaba nani, mwili haujapata joto, na sekunde anazotumia kukimbia kutoka kwenye mstari wa katikati ndizo wenzake wanazotumia kumwonyesha kwa vidole. Mfungaji wao aliruka peke yake mita tano kutoka langoni, naye ndiye aliyekuwa akikabwa na beki wetu aliyetoka. Dawa ni rahisi: zuia kona kwanza, badilisha baadaye. Au kama aliyetoka ameumia kabisa, aingiaye apewe jukumu moja lisilohitaji maelezo, kama kusimama kwenye mlingoti wa karibu, na aliyekuwa hapo ndiye achukue mtu wa kukaba.

Tena hakukuwa na mtu wetu hata mmoja kwenye ukingo wa eneo la penalti. Wote kumi na mmoja tulikuwa ndani ya boksi. Hata kichwa kile kingepanguliwa, mpira ungedondokea kwao. Mmoja abaki ukingoni kusubiri mpira wa pili, na mwingine mwenye mbio abaki karibu na katikati, maana huyo huvuta mabeki wao wawili kurudi nyuma.

Penalti hufundishwa

Nimesoma mara ishirini wiki hii kwamba penalti ni bahati. Agosti 2025 tuliambiwa hivyo hivyo, Harambee Stars walipotolewa na Madagascar kwa penalti pale Kasarani katika CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani. Bahati ipo. Lakini lango lina upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44, alama iko mita 11, na mpira ukienda kilomita 80 kwa saa hufika baada ya nusu sekunde hivi. Kipa anayengoja kuona unakwenda wapi hawezi kuufikia ukiwa chini kabisa, hatua moja kutoka mlingoti. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi iko mikononi mwa mpigaji, na mikono hiyo huzoezwa.

Anzeni mwezi mmoja kabla ya michezo ya zoni, mara tatu kwa wiki, mwisho wa mazoezi wakati miguu imechoka. Kupiga penalti kabla ya mazoezi, mwili ukiwa mbichi, hakumfundishi mtu chochote kuhusu hali atakayokuwa nayo. Wote wakae ndani ya duara la katikati. Anayeitwa atembee peke yake hadi kwenye alama. Kwenye uwanja wa mita 100 hiyo ni safari ya karibu mita 30 kutoka ukingo wa duara, na ndiyo inayowaangusha vijana kuliko kipa. Katika mita hizo akili hubadilika mara tatu. Wazoee kuitembea polepole.

Kila mmoja apige mikwaju miwili tu kwa kipindi, si kumi. Ukipiga kumi, wa tatu ukikosa haukuumi. Fungeni vizibao viwili kwenye nyavu, kila kimoja chini, mita moja kutoka mlingoti. Mchezaji achague kimoja kipindi cha kwanza, na hicho ndicho chake hadi fainali ya taifa. Mwalimu au mwanafunzi asiyecheza ashike daftari: tarehe, jina, upande, limeingia au la. Vipindi 12 vya namna hiyo vinakupa mikwaju 24 kwa kila mtu, na hapo orodha ya kocha inajiandika yenyewe. Nina hakika jina la kwanza kwenye daftari litawashangaza. Mara nyingi ni beki mmoja mtulivu ambaye hakuna shabiki amewahi kumwimbia.

Makosa ya kuangalia ni machache na hujirudia. Kubadilisha upande katikati ya kukimbia ndilo la kwanza, na mpira wake huwa dhaifu na wa katikati. La pili ni kupiga filimbi ikilia tu kana kwamba kuna anayekufukuza. Hakuna sheria inayokulazimisha kuharakisha hivyo, vuta pumzi mbili. La tatu ni mguu wa kusimamia. Unatakiwa kutua kando ya mpira, umbali wa shubiri moja na kitu, kidole kikielekea unakopiga. Ukitua nyuma ya mpira, kifua hulala nyuma, kiatu hupita chini ya mpira, nao hupanda. Mwamba au mawinguni. Itazameni penalti ya tano kwa jicho hilo, wale walio nayo, kabla ya kuifuta: mguu wa kushoto ulitua nyuma.

Na sisi mashabiki tulikuwa nyuma ya lango lile. Kijana alipoweka mpira tukaimba jina lake. Aliinua kichwa kututazama, akainama, akainua tena. Mpigaji wenu akielekea kwenye alama, nyamazeni. Ngoma chini. Mruhusuni asikie filimbi.

Pesa zinakoingia na zisikoingia

Wiki ya nusu fainali tulichanga vizuri sana. Pesa hizo zilikodi basi, zikachapisha fulana, zikalipia spika. Timu ilikunywa maji ya mfereji wa shule wenyeji. Hili linanikera na nitalisema tena mwakani kama halijabadilika.

Wachezaji 20, kila mmoja lita moja na nusu kwa mechi, ni lita 30. Mitungi miwili ya lita 20 iliyojazwa maji yaliyochemshwa nyumbani inatosha na inabaki. Mechi nne kwa siku tano maana yake chakula kiwe kimefika ndani ya saa moja baada ya filimbi: wali au ugali, maharagwe, mayai, ndizi mbivu mkononi wakisubiri. Chipsi na soda za mfadhili mkarimu zisubiri likizo. Misuli ya namba kumi haikukakamaa kwa uchawi.

Watu 60 wakitoa shilingi 200 kila mwezi ni 12,000. Kuanzia Septemba hadi Aprili ni 96,000, na hakuna aliyeumia. Pesa ziwe kwenye akaunti yenye watia sahihi wawili wasio ndugu, taarifa ya M-Pesa iwekwe kwenye kundi kila tarehe mosi, risiti ipigwe picha siku ya ununuzi. Vifaa vipitie kwa mwalimu wa michezo na vitiwe sahihi kwenye daftari la shule. Mchezaji asipewe pesa mkononi na shabiki, hata nauli. Hapo ndipo makundi ndani ya timu huzaliwa. Cha kununua kwanza ni mipira 10 ya saizi ya 5, pampu mbili, na sindano za pampu 10. Sindano hazina sifa, lakini ndizo hupotea wiki ya pili, kisha timu inazoezwa kwa mipira laini kama chapati na kushangaa mpira wa mashindano unavyoruka. Baada ya hizo, sanduku la huduma ya kwanza na barafu. Fulana za mashabiki zije mwisho.

Mashimo yetu mawili

Nendeni kwenye uwanja wetu mtazame alama ya penalti ya lango la upande wa mikaratusi. Ni shimo. Mpira ukiwekwa pale huzama hadi kiasi cha vidole vitatu, na lango la pili si tofauti sana. Vijana wetu wamejifunzia hapo miaka yote. Mpira uliozama huwezi kuupiga katikati, lazima uingize kiatu chini yake uuzoe, na ili uuzoe lazima mguu wa kusimamia utue nyuma. Wamefundishwa na shimo. Jumamosi alama ilikuwa tambarare na yenye nyasi, kijana akapiga kama alivyozoea, mpira ukapanda.

Jumamosi hii saa tatu asubuhi, mwalimu wa michezo amekubali lango lifunguliwe. Tunahitaji majembe manne, mikokoteni miwili, kinyunyizi, na nguzo fupi nzito ya kushindilia. Tutachimba duara la upana wa mita moja kuzunguka kila alama hadi kina cha sentimita 15, tutoe vumbi na changarawe yote, tukwaruze chini ili udongo mpya ushikane. Udongo mwekundu wa mfinyanzi sehemu mbili, mchanga wa mto sehemu moja, uloweshwe hadi ukifinyangwa mkononi ushikane bila kutoa maji. Tunajaza tabaka la sentimita 5, tunashindilia, tunanyunyiza, tabaka jingine. Tukijaza yote kwa mara moja, juu patakuwa pagumu na chini patupu, na mvua ya kwanza itapazamisha. La mwisho libaki juu ya uwanja kiasi cha kidole kimoja kwa kuwa litashuka. Nyasi za kupandikiza zitatolewa nyuma ya maktaba, zikatwe pamoja na mizizi yake. Kisha kamba na vigingi vinne, mtu asipige mpira hapo kwa wiki tatu.

Dada, akikubali kutoka nyumbani, mlete. Asiombwe kuhutubia wala kupigwa picha. Kuna mkokoteni mmoja bado hauna wa kuusukuma.